Docta wa Jumamosi

*Wahusika wa simulizi hii ni wa kubuni. Banalia ni Banalia ileile ya mkoa wa Tshopo, Kongo, na ugonjwa ulikuwapo kweli.*

SEHEMU YA KWANZA: TAA YA KAMERA

Sauti iliingia kwenye simu yake usiku wa Alhamisi, mwishoni mwa Agosti 2021, baada ya kupitia simu za motari watatu, waendesha pikipiki. Ilikuwa ya mwanamume mtu mzima, muuguzi mkuu wa kituo cha afya, anahema.

"Docta, ni mimi Titulari wa huku juu ya mto. Batu banaisha. Kichwa kinauma, shingo inakaza, siku mbili mtu ameenda. Malaria tunatibu, haisikii dawa. Kuja. Kama huwezi kuja, tuma kamera."

Aliirudia. Neno la mwisho ndilo lililomkaa rohoni.

Kisangani yote ilimjua kwa jina moja, Docta wa Jumamosi. Siku tano za wiki alikuwa wodini na foleni isiyokwisha. Jumamosi jioni alikuwa kwenye televisheni kwa nusu saa, akieleza kwa Kiswahili na Lingala kwa nini mtoto mwenye degedege hapelekwi kanisani kwanza, au kwa nini sindano ya mtaani inaua. Akipita soko kuu, waendesha toleka, baiskeli za abiria, walimpigia kengele, wauza samaki wakamwonyesha vidonda vyao hapohapo juu ya meza. Vipande vya kipindi chake vilisafiri mbali kuliko mawimbi ya kituo: vilinakiliwa kwenye kadi za simu, vikapanda mitumbwi, vikafika kwenye machimbo ya dhahabu ambako umeme haujawahi kufika. Hilo alilipenda. Ugumu ulikuwa kwamba alikuwa na mabwana wawili. Mgonjwa anataka siri, mtazamaji anataka sura.

Ijumaa alfajiri mkurugenzi wa kituo aliruhusu safari kwa sharti moja. Mdhamini wa kipindi, mwenye maduka ya dawa, alikuwa ametoa katoni ya seftriaksoni kwa ajili ya wagonjwa wa Banalia. Picha ya katoni ikifunguliwa ionekane, jina la duka lisomeke. Basi.

"Hilo tu?" aliuliza.

"Hilo tu, Docta. Na usiku saa mbili utuingie kwa simu, moja kwa moja."

Alikubali. Katoni ni katoni. Wodini kwake dawa hiyo ndugu za mgonjwa huinunua wenyewe, chupa moja moja, na si mara moja amemwona baba akitoka nje kuuza simu ili apate chupa ya kesho.

Waliondoka wawili, yeye na mpiga picha wake, kijana aliyeitwa Kamera hata na mama yake mzazi. Walivuka daraja la mto Tshopo, wakapita Bengamisa, wakaingia kwenye matope ambayo ramani huyaita Barabara ya Taifa namba 4. Kilomita 128 hadi Banalia ziliwamalizia asubuhi nzima. Alipiga hodi ofisi ya zone ya afya kama adabu inavyotaka, kisha wakashuka kwenye maji. Mtumbwi wa mota ulikuwa ukingoni, unapanda mto Aruwimi kuelekea Panga.

Katika mtumbwi Kamera alikuwa na swali, kama kawaida yake.

"Yaya, tukikuta mtu anakufa, wewe ni nani siku hiyo? Docta au mwandishi?"

"Wewe unaonaje?"

"Mimi naona nijue mapema, ili nijue niwashe au nizime."

Akamsimulia habari ya Sanjay Gupta, daktari wa upasuaji wa ubongo anayetangaza CNN. Mwaka 2003 alikuwa Iraki na madaktari wa jeshi la wanamaji wa Marekani, kazi yake kuripoti tu. Akaletwa mtoto wa miaka miwili mwenye jeraha la kichwa, na pale hapakuwa na mwingine wa fani ile. Akaweka kipaza sauti chini, akashika kisu. Mtoto hakupona, na waandishi wenzake walibishana sana kama alifanya sawa. Nairobi nako yupo Dk. Mercy Korir, daktari aliyekuwa mhariri wa afya wa Standard Group. "Sisi si wa kwanza," alisema.

"Lakini huyo wa Iraki, kamera yake ilizimwa?"

Hakumjibu.

Mto huu umewahi kuona mwandishi wa habari akikuta wagonjwa. Agosti 17, 1888, Henry Morton Stanley alifika Banalia akitafuta kikosi chake cha nyuma. Kati ya Wazungu watano aliowaacha, alimkuta mmoja tu, William Bonny, msaidizi wa tiba. Meja Barttelot, kamanda wa kikosi hicho, alikuwa ameuawa kwa risasi hapohapo mwezi mmoja nyuma. Ndui ilikuwa kambini, na wapagazi wa Unguja walikuwa wamekwisha kufa kwa makumi, wengi kwa njaa na kwa muhogo ulioandaliwa vibaya. Stanley aliandika vitabu vikauzika dunia nzima. Majina ya wale wapagazi, nani anayakumbuka? Kiswahili kilichofika huku na watu wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa Unguja, ndicho hichohicho ambacho Titulari alikitumia kuomba msaada.

Msomaji wa leo anajua asichokijua Docta siku ile. Septemba 8, 2021 ilitangazwa kwamba Banalia ina mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, watu 261 wa kushukiwa na 129 wamekufa, karibu nusu kwa nusu. Institut Pasteur ya Paris ndiyo iliyokuwa imethibitisha bakteria, Neisseria meningitidis, na kundi lake likajulikana kuwa W. Hesabu ya wa kushukiwa ilikuja kupita 2,500. Kisangani yenyewe iliwahi kuguswa mwaka 2009, wagonjwa 214 na vifo 15. Lakini Ijumaa ile, juu ya maji, ugonjwa haukuwa na jina. Ulikuwa na shingo tu.

Walifika saa kumi na moja jioni, mawingu yameshuka hadi kwenye miti. Titulari aliwapokea ukingoni kwa miguu ya tope: mzee mwembamba, kalamu mbili mfukoni, macho mekundu ya kukosa usingizi. Hakusalimia sana.

"Hiyo ni dawa?"

"Ni dawa, Papa."

"Gawanya. Nusu iende Panga sasa hivi na mtumbwi huu. Kule waliolala chini ni wengi kuliko huku."

Kamera alirekodi katoni ikifunguliwa, jina la duka likasomeka vizuri, na mtumbwi ukaendelea na nusu yake. Ungelala njiani na kufika Panga alfajiri.

Ndani ya kituo kulikuwa na watatu: mchimbaji mmoja aliyekuwa akizungumza na watu wasiokuwapo, mama mjamzito, na binti wa miaka minane hivi. Docta alianza na binti. Aliweka kiganja chini ya kisogo na kujaribu kuinua kichwa. Mabega yakaja pamoja nacho. Alikunja goti, akalinyoosha. Mtoto akalia kabla mguu haujanyooka. Kipimo cha malaria kilikuwa na mistari miwili. Hicho hakikumdanganya. Mkoani Tshopo mtoto anaweza kubeba malaria akicheza mpira, na ndiyo maana wiki nzima watu walitibiwa kisichowaua.

"Nitatoa maji ya mgongo," alisema.

Baba wa binti alikuwa mlangoni, mpiga makasia, mabega yameziba mwanga uliobaki. "Choma, Mama Docta. Titulari amenieleza. Lakini picha hapana."

"Hapana picha."

"Mwezi uliopita alikufa kaka yangu machimboni. Mtu alimpiga picha kwa simu, ikazunguka na maneno, kwamba ukoo wetu ni wa ndoki, wachawi, tunakula watu wetu. Nyumba ya mama ilichomwa. Picha hapana."

"Papa, nakupa neno langu."

Betri ya sola ilikuwa imekufa tangu Jumatano. Tochi ya simu ya Titulari ilionyesha kivuli cha mkono wake mwenyewe. Akamtazama Kamera. "Washa taa. Taa tu."

Taa nyeupe ikajaza chumba. Walimlaza binti ubavu, magoti tumboni, kidevu kifuani kadiri kilivyokubali. Alipapasa mfupa wa nyonga, akapanda hadi kwenye uti, akahesabu vifundo, akasafisha mara tatu. Sindano iliingia. Kizuizi cha kwanza, cha pili, kisha ule ulegevu mdogo ambao mkono huujua kabla ya kichwa. Akachomoa waya wa ndani ya sindano, akasubiri.

Maji ya uti wa mgongo ya mtu mwenye afya huwa maangavu. Haya yalidondoka mazito, meupe, kama maji ya kuoshea mchele.

"Titulari, changanya dawa. Kwa wote watatu. Sasa."

Nyuma ya mgongo wake alisikia vifuniko vikibanduliwa. Binti akadungwa, kisha mama, kisha mchimbaji akishikwa na watu wawili. Docta akafunga kichupa cha maji ya mgongo na kukitia mfukoni mwa shati, karibu na mwili. Titulari alitaka kukiweka kwenye boksi la barafu. "Hapana, Papa. Bakteria huyu anakufa kwa baridi. Tukimuua sisi, Kisangani hawatamwona."

Alikuwa bado anatabasamu kwa uchovu aliposikia sauti ya mpiga makasia, ya chini, haina haraka.

"Mama Docta. Ulisema taa tu. Hako kanukta kekundu mbele ya kamera ni ka nini?"

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*

SEHEMU YA PILI: MAJI YASIYO NA RANGI

Kwa pumzi moja hakuna aliyejibu, na hiyo ilitosha kuwa jibu. Mpiga makasia alivuka chumba, akaing'oa kamera begani mwa kijana na taa yake ikiwa bado inawaka, akatoka nayo. Waliona ile nuru ikishuka kwenda mtoni, ikimulika migomba, mbuzi, ndoo za watu.

Docta alikimbia nyuma yake. Nyuma ya Docta alikimbia Kamera, akisema maneno yaleyale: "Nilisahau kuzima, Yaya, wallahi nilisahau." Pengine alisahau. Mimi ninayesimulia sijawahi kumwona mpiga picha aliyesahau kuzima mbele ya kitu kizuri.

Maji yalikuwa yamemfika mpiga makasia magotini alipogeuka.

"Ulinipa neno lako."

"Nilikupa."

"Kumbe maneno ya televisheni."

Alikuwa na haki, na Docta hakujitetea. Alisema tu kwamba kamera ikitupwa, picha inazama na yeye Papa hataiona kamwe, na asichokiona ataishi akikiota. Kwa nini asiitazame kwanza, aone mtoto wake alifanyiwa nini, kisha aifute yeye mwenyewe, kwa kidole chake? Titulari, aliyefika akikohoa, akaongeza la kwake: kama kuna mtu wa kulipishwa mbuzi, mbuzi atalipwa, lakini mtu hasimami mtoni usiku na mali ya watu.

Mbuzi ndiye aliyemtoa majini, nadhani. Neno la haki likishapata bei, mtu anaweza kukaa chini.

Walikaa kwenye ukumbi wa kituo, wanne, kichwa kwa kichwa juu ya kioo kidogo cha pembeni mwa kamera. Titulari alileta kikwanga na sombe kwenye sahani moja, hakuna aliyegusa. Picha ikaanza. Katoni ukingoni, jina la duka la mdhamini. Kisha giza, kisha chumba, mgongo wa binti, mikono ya Docta. Baba alitazama bila kupepesa. Sindano ilipoingia mgongoni alikaza taya, akasema polepole, "Kumbe ni hivyo. Walituambia mnanyonya damu."

"Tuendelee?"

"Endelea."

Kwenye kioo, Docta alikuwa amegeukia kichupa chake. Nyuma yake, pembeni ya picha, alionekana Titulari akivuta maji ya sindano, akiyaingiza kwenye chupa ya unga, akiitikisa, akiivuta tena, akiinua bomba dhidi ya taa ili atoe hewa. Kazi safi ya mtu aliyeifanya miaka thelathini.

"Rudisha," alisema Docta.

Kamera akarudisha.

"Simamisha hapo. Aliponyanyua bomba."

Picha ikasimama. Bomba lilikuwa limejaa, mwanga unapita katikati yake, weupe wa taa ukitoka upande wa pili vilevile ulivyoingia. Docta alisogeza uso hadi pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Akaufuta kwa kidole.

Seftriaksoni ikiyeyuka hugeuka njano. Njano ya mbali, wakati mwingine ya kukolea, lakini njano. Muuguzi yeyote aliyewahi kuidunga anaijua bila kufundishwa. Hii ilikuwa haina rangi kabisa.

"Papa Titulari, wakati unachanganya, uliona rangi yake?"

Mzee alifikiri. Mikono yake ilianza kutafuta kalamu mfukoni, zote mbili, kana kwamba kuna mahali pa kuandika. "Taa ilikuwa machoni, Docta. Nilitazama hewa. Nilitazama hewa tu."

Docta aliingia ndani, akachukua chupa nyingine kutoka kwenye nusu iliyobaki. Akaikagua kwa tochi kabla ya kuifungua: tarehe ya mwisho iliyochapwa kwenye chupa haikulingana na ya kwenye katoni. Akachanganya. Akasubiri. Akachanganya ya tatu. Mabomba mawili yalilala kwenye kitambaa cheupe, na kitambaa kilionekana chini yake bila kubadilika.

Huenda ulikuwa unga usio na dawa ndani yake. Huenda ilikuwa dawa nyingine, nusu dozi, robo dozi. Hapo hapakuwa na maabara ya kumwambia. Alichokijua ni hesabu nyingine: bila dawa, ugonjwa huu unaweza kuondoka na nusu ya anaowashika, na kati ya wanaobaki wapo watakaotoka viziwi. Binti alikuwa amepoteza saa moja na nusu.

"Kituoni mna nini cha zamani?"

"Ampisilini. Chupa tatu. Niliificha kwa ajili ya wazazi."

"Zote kwa mtoto?" Ni baba aliyeuliza, na sauti ilikuwa imebadilika. Alikuwa ameshaelewa bila kuelezwa.

Docta alitazama kitanda cha mama mjamzito, kisha cha mchimbaji, ambaye sasa alikuwa amenyamaza, jambo lililomtisha kuliko kelele zake. Chupa tatu hazikumfikisha hata mmoja wao asubuhi kwa dozi ya homa hii. Mwandishi angelirekodi swali lile. Daktari alitakiwa kulijibu.

"Moja kila mmoja, sasa hivi," alisema. "Halafu mtu aende Banalia usiku huu. Ofisi ya zone haiwezi kukosa kabisa."

"Nitakwenda mimi," alisema mpiga makasia. "Kushuka na mto ni rahisi."

"Na Panga?" aliuliza Titulari.

Ndipo walipoikumbuka nusu ya katoni. Ilikuwa mahali fulani gizani, juu ya Aruwimi, imefungwa kwa turubai, na watu wa Panga walikuwa wanaisubiri. Mwenye mtumbwi hakuwa na simu. Alfajiri wangefungua chupa, wangechanganya, wangedunga, wangeandika kwenye daftari kwamba wagonjwa wametibiwa. Na wagonjwa wakifa wametibiwa, nani tena angekubali sindano ya pili, hata ile ya kweli?

Baba alikuwa ameshainuka. Akaishika kamera. Kamera, kijana, alikuwa ameshafungua ukurasa wa kufuta, kama walivyopatana. Kioo kilikuwa kinauliza ndiyo au hapana.

"Papa, ngoja," Docta alisema. "Nilikupa neno, na neno ni lako. Lakini tazama. Katoni inafunguliwa, jina la duka linaonekana, na dawa haina rangi. Mbele ya mahakama, mbele ya wizara, hakuna kitu kingine nilicho nacho. Chupa watasema nilizibadilisha mwenyewe."

"Na mgongo wa mwanangu uko hapohapo katikati."

"Uko katikati."

Baba hakufuta. Hakukataa pia. Alitoa ile kadi ndogo pembeni ya kamera, akaitia kwenye mfuko wa suruali, akaufunga kwa kitufe. "Nitairudisha au sitairudisha. Nikirudi na dawa tutaongea." Kisha akaingia kumtazama binti yake kabla ya safari.

Ni wakati huo mtoto wa shule alipokuja mbio akisema simu ya Docta inalia kwenye kichuguu.

Mtandao, kijiji kile, ulikuwa na makazi yake: juu ya kichuguu nyuma ya shule, kirefu kuliko mtu, ambako simu ziliwekwa kwenye kopo zisubiri. Docta alipanda kwa mikono na magoti, bomba lisilo na rangi bado limeshikwa katikati ya vidole. Saa ilikuwa mbili kasoro dakika moja. Mkurugenzi alikuwa wa furaha kupita kiasi.

"Docta! Tunakusikia vizuri sana. Habari njema: mdhamini wetu amekuja mwenyewe studio, amekaa hapa na mtangazaji, amevaa suti. Na katoni nyingine ishirini ziko kwenye lori, zinaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi, Banalia yote. Wewe sema maneno mawili tu, kwamba dawa imefika na watu wanadungwa. Halafu tunampa yeye."

"Mkurugenzi, nisikilize kwanza. Usinipeleke hewani. Hii dawa..."

"Usijali mambo ya picha, tutatumia za maktaba. Sekunde kumi."

"Sijasema picha!"

Laini ilikuwa imeshahamishwa. Ulipigwa wimbo wa kipindi, ule alioimbiwa na watoto wa Makiso, Kisangani, kila alipopita, ukakatika. Chini ya kichuguu watu walikuwa wamekusanyika: Titulari, Kamera asiye na kamera, akina mama na taa za chemli. Mpiga makasia alikuwa amesimama na kasia begani, hajaondoka bado, uso umeinuliwa kwake. Docta aliiweka simu sauti ya juu ili wote wasikie. Hakujua kwa nini alifanya hivyo.

"Wapenzi watazamaji wa Tshopo," sauti ya mtangazaji ilijaa usiku, "tunaye moja kwa moja kutoka Banalia, Docta wenu wa Jumamosi, leo Ijumaa! Docta, karibu. Na hapa nipo na mfadhili wetu, anakusalimu. Waambie wananchi kwa kinywa chako: dawa aliyowatumia imefika, na inafanya kazi?"

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*